Anayeanza Yoga na Aanze kwa Kulala Chali

Mwaka 1952 mpiga fidla mashuhuri Yehudi Menuhin alikuwa Bombay, jiji ambalo leo linaitwa Mumbai. Ratiba yake ilijaa maonyesho na mialiko, na mwili ulikuwa umechoka. Alikuwa na hamu ya kuijua yoga, basi akaletewa mwalimu kutoka Pune, B.K.S. Iyengar, ambaye wakati huo hakuwa akijulikana sana nje ya India. Menuhin alimweleza mapema kwamba angeweza kumpa dakika tano tu. Iyengar hakumpindisha mgongo wala kumsimamisha kwa kichwa. Alimwambia alale chali. Mgeni akapitiwa na usingizi, akazinduka baada ya saa nzima akiwa mwepesi, kisha akabaki na mwalimu yule kwa saa mbili nyingine. Mwaka 1954 alimwalika Uswisi, na huko akamzawadia saa ya mkono iliyochongwa maneno ya kumtaja kuwa mwalimu wake bora wa fidla.

Watu wa yoga husimulia kisa hiki kueleza jinsi Iyengar alivyofunguliwa mlango wa Ulaya. Ninachokiona mimi ndani yake ni lile somo la kwanza lenyewe. Menuhin alikuwa mtu wa kipaji na nidhamu, anayeyajua mabega na vidole vyake kuliko watu wengi, na bado alichokikosa kilikuwa kupumzika. Mwalimu alikiona mara moja, akaanzia hapo.

Huku kwetu wengi wanaanzishwa kwingine. Picha ya yoga inayozunguka kwenye simu ni ya msichana mwembamba yuko ufukweni, amekunja mguu mmoja nyuma ya shingo. Mama wa miaka 50 mwenye magoti yanayouma akiiona anasema hayo si yangu. Dereva wa bodaboda anayeshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri, fundi cherehani ambaye shingo imekakamaa, mwalimu wa shule ya msingi anayesimama kutwa mbele ya darasa lililofurika, wote wanaipita. Na hao ndio wenye haja zaidi. Ipo yoga inayowafaa. Haidai wepesi wa viungo, haidai nguvu, haimtoi mtu jasho. Hapa nitaiita yoga ya mapumziko.

Kipindi kizima cha saa moja huwa na mikao mitatu au minne, mara chache mitano, na kila mmoja huchukua kati ya dakika 5 na 20. Mwili unalazwa juu ya mito na mablanketi yaliyokunjwa kwa namna ambayo hakuna msuli unaobaki na kazi. Hapo ndipo inapoachana na yoga nyingine, hata zile za polepole ambazo mtu hushikilia mkao mmoja ili viungo vivutike. Katika yoga ya mapumziko ukihisi mvuto mkali, ujue kuna mto uliokosekana mahali fulani. Unaongeza kitu chini ya goti, chini ya mkono, chini ya kichwa, mpaka mvuto ule uishe.

Inashangaza kwamba utulivu wote huu umepitia mikononi mwa mwalimu ambaye ukali wake darasani ulijulikana dunia nzima. Lakini ukiyatazama maisha ya Iyengar unaelewa. Alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, wakati wa janga la mafua lililoua mamilioni ya watu duniani, na mama yake mwenyewe alikuwa akiugua. Utotoni alipata malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipelekwa Mysore kwa shemeji yake, T. Krishnamacharya, aliyekuwa mwalimu wa yoga, na mwaka 1937, akiwa na miaka 18, akatumwa Pune kufundisha. Waliomjia huko hawakuwa vijana wenye afya peke yao. Walikuja wazee, wenye migongo mibovu, wagonjwa waliochoshwa na dawa. Mkao ukimshinda mtu, Iyengar alitafuta kitu cha kumsaidia aufikie: ukuta, kiti, mkanda, kamba, tofali, mto. Kilichoanza kama msaada wa wagonjwa kikawa elimu kamili. Taasisi aliyoifungua Pune mwaka 1975, ikapewa jina la marehemu mkewe, Ramamani, inajulikana hadi leo kwa kamba zake za ukutani na kwa madarasa ya wagonjwa. Yeye aliishi mpaka mwaka 2014, akafariki akiwa na miaka 95.

Mmoja wa wanafunzi wake, Judith Hanson Lasater, Mmarekani aliyesomea tiba ya viungo, aliichukua mikao ya kulala na kuegemea akaifanya fani inayojitegemea. Kitabu chake cha mwaka 1995 kiliieneza sana. Mizizi yake, hata hivyo, ni ya zamani zaidi ya wote hao. Hatha Yoga Pradipika, maandiko ya Kisanskriti ya karne ya 15, tayari yanautaja mkao wa kulala kama maiti na kueleza kwamba unaondoa uchovu.

Sasa, kwa nini kulala juu ya mito kumfae mtu kuliko kujitupa kwenye kochi? Jibu liko katika mfumo wa neva. Sehemu yake moja huuandaa mwili kwa hatari: moyo unaenda mbio, pumzi inapanda juu kifuani, damu inapelekwa kwenye misuli, tumbo linaacha kusaga chakula kwa raha. Sehemu ya pili hufanya kinyume chake, na njia yake kuu ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo, ikapita shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Mwili umeumbwa kuzipokezanisha hizo mbili. Shida ya maisha ya mjini ni kwamba hatari haiishi: foleni, kodi ya nyumba, mkopo wa simu unaodaiwa kwa ujumbe asubuhi na jioni, mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya ada. Mtu anaingia kitandani taya limebana na mabega yamepanda, kama pikipiki iliyoegeshwa bila kuzimwa injini. Kochi nalo halimsaidii, kwa sababu simu iko mkononi, shingo imeinama, macho yanakimbia, na mwili unaendelea kupokea habari kwamba kuna jambo.

Kazi ya vagasi unaweza kuihakikisha sasa hivi, gazeti likiwa mapajani. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Ukiyapata, vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu zaidi ya uliotumia kuivuta. Rudia mara kadhaa bila haraka. Wengi wataona mapigo yanakaribiana kidogo pumzi inapoingia, yanaachana inapotoka. Vagasi ndiyo inayoupunguzia moyo mwendo. Ndiyo maana mwalimu mzuri husisitiza pumzi ya kutoka kuliko ile ya kuingia.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, utafiti wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra ya yoga. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi kiasi cha mara 6 kwa dakika, na kwa mwendo huo mwili ukawa hodari zaidi katika kusawazisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Aliyewahi kukaa karibu na bibi anayesali rozari jioni, au babu anayevuta tasbihi baada ya sala ya Isha, anaujua utulivu huo.

Utafiti kuhusu yoga ya mapumziko yenyewe si mwingi, na wanaoiuza kama dawa ya kila ugonjwa wanaiharibia jina. Mmoja ninaouthamini ulifanyika California na matokeo yake yakatoka mwaka 2014. Watu 180 wenye mchanganyiko wa kitambi, presha, sukari na mafuta mabaya ya damu waligawanywa makundi mawili kwa wiki 48, kundi moja likafanya yoga ya mapumziko, jingine mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwishoni, sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa imeshuka zaidi katika kundi la yoga. Katika vipimo vingine makundi hayakuachana kwa kiasi cha kuzungumziwa. Faida ni ndogo, lakini imepimwa. Mgonjwa aendelee na dawa zake, atembee, apunguze chumvi, na yoga hii aiongeze juu ya hayo.

Vifaa vimo ndani ya nyumba. Mto mrefu wa yoga unaouzwa madukani ni ghali, na mito miwili ya kulalia iliyopangwa mmoja juu ya mwingine na kufungwa kwa kanga inafanya kazi ileile. Ongeza mkeka, mablanketi mawili, taulo na ukuta usio na kitu.

Mkao wa kwanza ninaoushauri ni miguu ukutani. Kaa ubavu mmoja ukigusa ukuta, magoti yamekunjwa, kisha jigeuze ukilala huku miguu ikipanda. Makalio si lazima yaguse ukuta. Nyama za nyuma ya paja zikivuta, jisogeze nyuma kiganja kimoja au viwili, na magoti yalegee kidogo. Kanga iliyokunjwa mara kadhaa iende chini ya kichwa peke yake, mabega yabaki mkekani. Hapa pana jambo dogo ambalo waanzaji wengi hawaambiwi: paji la uso liwe juu kidogo kuliko kidevu. Kidevu kikielekea darini, koo linakaza na mawazo yanaendelea kwenda mbio. Kikishuka kidogo, shingo ya nyuma inarefuka, taya linaachia, ulimi unashuka kutoka kwenye kaakaa. Mikono iende kando, viganja vikitazama juu. Dakika 5 zinatosha siku za mwanzo. Walioshinda wamesimama, kama wauzaji wa duka, manesi na trafiki, wataona vifundo vilivyovimba vinapungua, maana damu na maji yaliyotuama miguuni sasa yana mteremko wa kurudia.

Wa pili ni kulalia kifua. Piga magoti, yatanue, mito iliyofungwa ikae kwa urefu katikati ya mapaja, kisha jishushe mpaka tumbo, kifua na shavu moja viwe juu yake. Katikati ya muda geuza shavu. Ukiona unajishikilia kwa mikono, mito ni mifupi, ongeza blanketi. Ambaye magoti hayamruhusu akae kwenye kiti mbele ya meza, apange mito mezani, alaze mikono na kichwa hapo. Mgongo unapata nafasi ileile ya kupanuka kila pumzi inapoingia.

Wa mwisho ni kulala chali, na huu usiuruke hata ukiwa na haraka. Viringisha blanketi liwe nene kama paja, uliweke chini ya magoti. Bila blanketi hilo, kiuno cha watu wengi huinuka kutoka sakafuni na misuli ya mgongo wa chini hubaki zamu bila mtu kujua. Likiwekwa, kiuno kinashuka chenyewe, wala hukisukumi. Taulo lililoviringishwa liende chini ya vifundo ili visigino visibebe uzito wa mguu. Kanga nyepesi juu ya macho. Kisha jifunike, hata kama ni Dar es Salaam mwezi Desemba, maana mwili uliotulia hupoa na ubaridi huikaza misuli upya. Kengele ya simu iwekwe ya sauti ndogo, simu yenyewe ikae mbali na mkono.

Dakika za mwanzo huwa ngumu. Akili inakumbuka gesi iliyoisha, deni la mchele, neno alilosema bosi. Pua inawasha. Waanzaji wengi hapo hudhani wameshindwa, wakanyanyuka. Wasinyanyuke. Hakuna anayetakiwa kuyafukuza mawazo. Ukigundua umechukuliwa, rudi kwenye pumzi inayotoka, na ukichukuliwa tena, rudi tena. Usingizi ukikupata si kosa. Ukikupata kila mara, mwili unakueleza kwamba usiku haukutoshi, na hilo linatibiwa kwa kulala mapema.

Wapo ambao kulala chali na kufumba macho kunawatia hofu badala ya utulivu: waliopitia vita, ajali mbaya, kipigo cha nyumbani. Kwao mkao unabadilika. Walale ubavu, mgongo ukigusa ukuta, macho wazi, mlango wakiuona. Mwalimu asimguse mwanafunzi yeyote, wa aina hii au mwingine, kabla ya kumwomba ruhusa.

Wengine pia wajihadhari. Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho asipandishe miguu ukutani kabla ya kuongea na daktari. Mjamzito wa miezi ya mwisho asikae muda mrefu chali, kwa sababu uzito wa mtoto hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni; alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni amuulize aliyempasua. Na wote wangoje kama saa mbili baada ya chakula.

Lipo swali la dini, na linastahili jibu la wazi. Yoga ilizaliwa India, ikakulia katika dini za huko, na hakuna haja ya kuificha asili hiyo; mwaka 2016 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu kwa jina la India. Waislamu wenyewe wameipokea kwa namna tofauti. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, hoja kubwa ikiwa yale maneno na ibada vinavyoambatana nayo. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliiruhusu ifundishwe kama mchezo, baada ya juhudi za miaka mingi za Nouf Marwaai, Msaudi aliyeishika yoga kwa sababu ya maradhi ya kinga ya mwili. India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2018. Kwa maoni yangu, kulala chali na blanketi chini ya magoti hakumdai mtu mantra wala sanamu. Anayetaka kuleta dhikri yake au Baba Yetu kimoyomoyo ana nafasi. Ambaye dhamira haimruhusu hata hivyo, namheshimu, na pumzi ndefu ya kutoka atabaki nayo.

Kikwazo kinachoniumiza zaidi ni aibu ya kupumzika. Mwanamke akionekana amelala saa kumi jioni, swali la kwanza ni, "Mama, unaumwa?" Ameamka kabla ya adhana, amechota maji, amepika, amekwenda sokoni, amerudi kufua, na bado ruhusa yake ya kulala chini ni ugonjwa. Kwa hiyo anasubiri mpaka augue kweli. Wanaume nao wana ya kwao: baba akihisi moyo unamwenda mbio anakwenda kuupoza baa, kwa sababu huko kuonekana amekaa si aibu. Sikubaliani na hesabu hii hata kidogo. Mwili wa mtu anayeilea nyumba nzima una haki ya robo saa ya kulazwa vizuri akiwa bado mzima, mlango umerudishwa, na watoto wameambiwa kwamba mama hagongewi. Watoto hulizoea hilo haraka kuliko watu wazima. Wengine huja na mto wao wakalala pembeni.

Anayetaka mwalimu atampata. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007 na kuwafundisha vijana wengi kazi ya ualimu wa yoga, ingawa mtindo uliowajengea jina ni ule wa jasho. Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Zanzibar madarasa yapo kwenye kumbi za mazoezi na hotelini. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu. Mikao ni mingapi kwa saa? Akikutajia kumi na tano, hilo ni darasa jingine, zuri pengine, lakini si hili. Kila mtu anapata mito na mablanketi mangapi? Mkeka mtupu hautoshi. La tatu, uliza kama unaruhusiwa kubaki katika mkao mmoja wakati wenzako wanahamia mwingine. Na kama yeye atakuwa wa kwanza kukuuliza habari za presha, mimba na mgongo kabla hujafungua mdomo, lipa mwezi mzima.